Kiti cha shilingi 15 na shilingi 4 zisizo na risiti

Kiti cha plastiki tunachokodisha kwa shilingi 15 kinatugharimu karibu shilingi 4 kila kinapotoka stoo. Hapo bado sijagusa mafuta ya lori, wala malipo ya vijana wa kupakia, wala kodi ya stoo yenyewe. Shilingi 4 hizo ni uchakavu, yaani kiti kinavyokwisha kidogo kidogo kwa kutumika, na hakuna anayekuja kuzidai. Hazina risiti, hazina ujumbe wa M-Pesa, hazina tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa hiyo wengi katika kazi hii hawazihesabu kabisa, na nimeshuhudia biashara nzuri zikifa kwa sababu hiyo. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naliandika.

Mimi na kaka yangu tunakodisha mahema, viti, meza, spika na jenereta. Stoo yetu iko Mamboleo, Kisumu. Yeye anashughulika na barabara na wateja, mimi nashika vitabu. Kazi nyingi ni za matanga na harusi, kuanzia mjini hapa hadi Vihiga, Kakamega na Siaya. Ikifika Alhamisi simu hazitulii, maana mazishi mengi ya huku kwetu huangukia Ijumaa na Jumamosi. Desemba ndiyo usiseme.

Hesabu ya kiti ni nyepesi. Tulikinunua shilingi 700. Kwa uzoefu wetu kinadumu miaka mitatu hivi, na kwa mwaka kinatoka kama mara 60. Hiyo ni mara 180 katika maisha yake yote. Gawa 700 kwa 180, unapata shilingi 3 na senti 90 hivi. Kikishavunjika hatukiuzi kwa bei ya maana, kwa hiyo mwisho wake tunauandika sufuri.

Watu huuliza miaka mitatu nimeitoa wapi. Nimeitoa kwenye viti vyenyewe. Kipindue kiti cha miaka miwili ukitazame pale mguu wa nyuma unapoungana na kikalio. Utaona mstari mweupe, mwembamba kama unywele, ambao haukuwapo kilipokuwa kipya. Hapo ndipo kitakapopasukia. Mstari huo unatokana na jua la mchana kutwa uwanjani, na watu wanaoegemea nyuma wakabaki juu ya miguu miwili, na ardhi ya boma isiyo sawa, na vijana wanaorusha viti juu ya lori usiku wakitaka kurudi nyumbani. Kiti chenye mstari huo bado kinakodishwa kwa shilingi 15 ileile, na mteja hana habari. Ila mimi najua kwamba sehemu kubwa ya zile 700 imekwisha kwenda, na kama sijaiweka pembeni, imeliwa.

Aliyenifunza haya ni mwalimu mstaafu wa biashara na uhasibu anayeishi Maseno, tuliyempelekea mahema alipomzika mamake. Alipokuja kulipa baki aliona daftari langu, akaliomba, akalisoma kurasa kadhaa bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Binti yangu, lori liko wapi humu ndani?" Nikamwonyesha mafuta, servisi, bima, tairi. Akasema, "Hayo ni mambo ya lori. Nimekuuliza lori lenyewe." Nikamwambia lori tulishalinunua, pesa ilitoka siku ileile. Akavuta kiti akaketi, na mazungumzo yale yakaenda hadi jioni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimpelekea vitabu kila mwisho wa mwaka, naye huvipitia kwa kalamu nyekundu kama mitihani ya darasa lake. Nawatakia wafanyabiashara wote wadogo mtu wa namna hii.

Alichonieleza kwanza ni kwamba uchakavu hauhusu bei ambayo ungeuzia kitu leo. Ni kuigawa gharama ya kitu juu ya miaka au kazi kitakazozifanya, ili kila kazi ibebe sehemu yake. Chukua bei uliyonunulia, jumlisha kila kilichohitajika hadi kitu kiwe tayari kufanya kazi, toa kiasi unachotarajia kupata siku ya kukiuza, kilichobaki kigawe. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 16, inataka njia ya kugawa ifuate jinsi kitu kinavyotumika hasa. Ile ya biashara ndogo na za kati inasema hivyohivyo. Nilipoelewa neno hilo, daftari langu lote lilibadilika, kwa sababu vitu vyetu havichakai kwa namna moja.

Lori, kwa mfano, haliishi kwa miaka, linaishi kwa kilomita. Canter yetu tuliinunua ikiwa imetumika, shilingi 2,200,000. Bodi ya vyuma tuliyotengenezewa na mafundi wa jua kali ikala 180,000, usajili na mambo mengine madogo 20,000. Kwa hiyo vitabuni imeingia kwa 2,400,000. Bodi nayo imo, kwa sababu bila bodi lisingebeba hema hata moja. Tulikadiria kwamba litatufanyia kilomita 200,000, kisha tuliuze kwa 800,000. Zinabaki 1,600,000 za kugawa kwa kilomita 200,000, yaani shilingi 8 kwa kila kilomita.

Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50. Kwenda na kurudi, lori limejila kwa shilingi 800. Kiasi hicho kinaingia kwenye bei kabla kaka hajaanza kupatana na mteja. Lakini barabara ya lami kupita Kiboswa, Majengo na Chavakali si sawa na kukata kona uingie ndani kwenye boma la mtu, mvua imenyesha, tope limefika kwenye ringi. Kwa hiyo tuna sheria yetu ya nyumbani: kila kilomita ya njia mbovu tunaihesabu kilomita moja na nusu. Hakuna kitabu cha uhasibu kitakachokupa kipimo hicho. Kimetoka kwenye springi na bushi tunazobadilisha, na naona ni cha haki.

Dereva wetu mwanzoni hakupenda kuandika kilomita za kutoka na za kurudi. Alidhani tunamchunguza. Nilikaa naye nikamwonyesha jinsi shilingi 8 zinavyojikusanya hadi kuwa lori lingine, na kwamba bila lori lingine naye hana kazi. Siku hizi nikikawia kumpa daftari ananikumbusha mwenyewe: "Dada, namba hujachukua."

Jenereta tunaihesabu kwa saa, maana mitambo mingi ina kimita cha saa pale mbele. Hema tunaligawa vipande viwili, na hili ni jambo ambalo ningependa kila mwenye mahema alifanye. Vyuma vya hema na turubai lake havifi pamoja. Vyuma vikipakwa rangi kila baada ya muda vinaweza kwenda miaka 10. Turubai, kwa jua la ziwani na mvua ya Kakamega, tukifika miaka minne tunashukuru. Likikunjwa bichi likalala stoo siku tatu, madoa meusi ya ukungu yanaingia na hayatoki tena, na hakuna familia itakayokubali kuketi na maaskofu chini ya turubai lenye madoa. Kwa hiyo vyuma vya 40,000 tunavigawa kwa miaka 10, shilingi 4,000 kwa mwaka. Turubai la 45,000 tunaligawa kwa minne, shilingi 11,250 kwa mwaka. Ukiliandika hema lote kama kitu kimoja cha miaka saba au minane, turubai litakufia mkononi wakati vitabu vinasema bado ni zima.

Matengenezo nayo yana mpaka wake. Kubadilisha oili, tairi, bushi, kushona turubai lililochanika, hizo ni gharama za mwezi huo na zinaishia hapo. Lakini ukiweka injini mpya ambayo itaongeza maisha ya lori, hiyo inaingia kwenye thamani ya lori na kugawanywa upya. Kiti kilichopotea pia si uchakavu. Matangani viti vyetu huchanganyika na vya kanisa na vya jirani, ndiyo maana vyetu vyote tumevipaka rangi ya kijani chini ya kikalio. Kikikosekana tunaandika hasara siku hiyohiyo, na mara nyingi mteja analipa. Ukivichanganya viwili hivi hutajua kama tatizo lako ni jua au ni wizi.

Mwaka 2020 ulitufunza somo lingine. Serikali ilipozuia mikusanyiko na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15, stoo ilijaa hadi mlangoni. Hakuna aliyehitaji viti 500. Kaka aliuliza kama kuna haja ya kuandika uchakavu wa vitu visivyotoka. Mwalimu alisema kanuni iko wazi: kitu kinachogawanywa kwa miaka kinaendelea kuhesabiwa hata kikiwa kimelala, kwa sababu muda unakila. Kile kinachogawanywa kwa kazi, kama gari la kilomita au jenereta ya saa, kinaweza kuandikwa sufuri kama hakikufanya kazi. Nilikuja kuona ukweli wake kwa macho. Viti vilivyokuwa upande wa dirisha, ambako jua la jioni huingia, vilipotolewa baadaye vilikuwa vinakatika kwa kukaliwa tu. Havikuwa vimekwenda kokote.

Sasa nifike kwenye mkopo, maana hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Mwenzetu mmoja katika kazi hii alinunua lori kwa mkopo, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ikiwa dhamana. Kila mwezi alilipa, na kila mwezi alipanga bei akijua kuna mkopo. Siku alipomaliza alifurahi, nasi tulifurahi naye. Kisha akashusha bei. Alisema lori sasa ni lake, halina deni, kwa hiyo anaweza kubeba kwa bei ambayo sisi hatuwezi. Wateja walimfuata, wakiwamo wetu, na sikuwalaumu. Lakini lori halijui kama mkopo umekwisha. Liliendelea kujila kilomita kwa kilomita, na injini ilipokata roho mwenzetu hakuwa na akiba. Alirudi kukopa akiwa amechoka, kwa masharti mabaya kuliko ya kwanza. Malipo ya mkopo na uchakavu ni mambo mawili tofauti. Riba ni gharama. Ile pesa ya msingi unayorudisha si gharama, ni deni linalopungua. Gharama ya lori ni kuchakaa kwake, uwe ulilinunua kwa mkopo, kwa pesa taslimu, au ulipewa na baba mkwe.

Kodi ina hesabu yake na haifanani na hii. Uchakavu unaouandika vitabuni mwako KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hawautambui. Unaurudisha kwenye faida, kisha unatoa kiwango kilichowekwa na sheria. Kabla ya mabadiliko ya Aprili 2020, malori makubwa yalikuwa na asilimia 37.5 na magari mengine 25. Sasa magari yote ya biashara na mitambo mizito ya kuchimba ni asilimia 25, kompyuta pia 25, samani 10. Sheria ya fedha ya 2021 ilibadilisha pia namna ya kukokotoa: badala ya asilimia ya salio linalopungua, sasa ni mafungu sawa. Kwa hiyo Canter ya 2,400,000 inapata 600,000 kwa mwaka kwa miaka minne, basi. Mwaka wa tano unaendesha lori ambalo kwa macho ya kodi limekwisha, ilhali vitabuni bado lina thamani. Na viti vikihesabiwa kama samani vinapewa miaka 10, wakati jua la Kisumu linavipa mitatu. Ukipanga bei zako kwa viwango vya kodi utajidanganya pande zote mbili.

Tena kuna ile kodi ya mauzo ghafi, TOT. Mwenye mauzo yanayozidi milioni 1 kwa mwaka na yasiyopita milioni 25 hulipa asilimia 3 ya mauzo, tangu Julai 2023. Ni rahisi kuikokotoa, na wengi wanaipenda kwa urahisi huo. Lakini humo hakuna kutoa gharama yoyote, wala mafuta wala lori. Tuseme mtu ana mauzo ya milioni 3 na faida ya kikodi, baada ya gharama zote na punguzo la lori, ni 250,000. Kwa TOT atalipa 90,000. Kwa kodi ya kawaida ya mtu binafsi, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, na kuna nafuu ya binafsi ya 28,800 inayotolewa kwenye kodi yenyewe. Kama hana mapato mengine, kodi yake ya 25,000 inamezwa na nafuu hiyo, na hatadaiwa chochote. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba hataki kuwa chini ya TOT. Kwa biashara kama zetu, ambazo mtaji wote uko kwenye chuma na turubai, mtu afanye hesabu hizi mbili kabla ya kuchagua, na atunze risiti za kununulia mali, maana sheria inataka rekodi zikae miaka mitano.

Narudi kwenye pesa yenyewe, kwa sababu kuandika uchakavu vitabuni hakuweki hata senti kwenye sanduku. Hili Mwalimu alilirudia mara nyingi kuliko yote. Kila Jumatatu, baada ya kazi za wikendi, najumlisha: viti vilivyotoka, kilomita, saa za jenereta, na fungu la mahema. Jumla hiyo natoa siku hiyohiyo na kuipeleka kwenye akaunti ya sacco ambayo haina kadi wala simu. Kutoa lazima twende wawili, tusaini wote wawili. Kaka ana moyo mwepesi, na mimi pia. Ndugu akilala hospitalini pesa iliyo karibu ndiyo itakayotoka. Hiyo ya sacco iko mbali, na familia yote inajua ni ya lori na si yetu.

Hata hivyo, hesabu ya bei ya zamani haitoshi kununulia kitu kipya. Kiti cha 700 hukipati tena kwa 700. Shilingi ilipoanguka hadi kukaribia 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, kila kilichotoka nje kilipanda, magari yaliyotumika yakiwa mbele. Vitabuni uchakavu unabaki kwenye bei ya kununulia, hiyo ndiyo kanuni. Lakini kwenye akaunti ya sacco tunaweka zaidi ya vitabu, na kila Januari napita soko la Kibuye na kwa wauzaji wa mahema kuuliza bei mpya ili nijue ni zaidi kiasi gani.

Makadirio nayo huguswa upya. Kabla ya Canter tulikuwa na pikapu iliyonunuliwa 900,000. Tulipoiuza, vitabuni ilikuwa imebaki 380,000, mnunuzi akatoa 430,000. Zile 50,000 za ziada niliziandika kama faida ya kuuza mali, mbali na mauzo ya kukodisha, ili tusije tukadhani kazi za mwaka ule zilikuwa nzuri kuliko zilivyokuwa. Mwalimu aliitazama namba hiyo akasema gari la kazi linashika bei kuliko tulivyokadiria, basi nitazame na Canter. Wakati huo ilikuwa imetufanyia kilomita 80,000, uchakavu wa 640,000, vitabuni imebaki 1,760,000. Tukapandisha bei ya mwisho kutoka 800,000 hadi 920,000. Zinabaki 840,000 za kugawa kwa kilomita 120,000 zilizosalia, yaani shilingi 7 kwa kilomita badala ya 8. Miaka iliyopita hatukuigusa. Mabadiliko ya makadirio huenda mbele tu.

Kaka alipoona 7 alitaka tushushe bei ya safari za Kakamega kabla ya Desemba. Nikamwekea mezani bei niliyopewa ya Canter kama yetu, ya umri uleule, kwa leo. Tuliisoma pamoja, akanyamaza kidogo, kisha akasema tuache bei ilivyo na ile shilingi moja iende sacco.